MTIHANI NDIO MWALIMU HALISI WA CHUO KIKUU

Wiki chache kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, maduka ya kudurufu karatasi yaliyo jirani na vyuo vikuu nchini hujaa wanafunzi. Kinachotafutwa humo ni "madesa", yaani maandishi ya mihadhara yaliyorithiwa kutoka kwa waliotangulia, pamoja na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi mwerevu huzipanga karatasi hizo mwaka baada ya mwaka, akayabaini maswali yanayorudiwa, akayakariri majibu yake, kisha akaingia katika chumba cha mtihani akiwa hana wasiwasi. Aghalabu hufaulu. Baada ya miaka mitatu hutunukiwa shahada, akaajiriwa kuwa afisa au mwalimu, na hapo ndipo umma uliochangia gharama za masomo yake unapoanza kuuona upungufu wake.

Mwanafunzi huyo hastahili lawama kubwa. Amechunguza kwa makini kile ambacho chuo chake kinakipa thamani, naye amekitoa kama kilivyotakiwa. Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Na pete ya chuo kikuu ni alama za mtihani. Mhadhiri anaweza kuhubiri darasani muhula mzima kuhusu fikra huru, utafiti na kazi ya vikundi, lakini ikiwa karatasi ya mwisho inadai mambo matano yaliyoandikwa ubaoni, wanafunzi wataitii karatasi, na mahubiri watayaacha mlangoni.

Siku hizi mijadala juu ya namna ya kuigeuza elimu ya juu ni mingi. Mwaka 2021 Serikali ilianza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ujulikanao kwa kifupi kama HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Majengo, maabara na mapitio ya mitaala ni miongoni mwa mambo yaliyomo katika mradi huo. Hayo yote ni ya lazima. Walakini historia ya elimu ya juu nchini inaonyesha jambo moja ambalo yafaa likumbukwe mapema: mabadiliko yaliyofika hadi kwenye mtihani yalidumu, na yale yaliyoishia katika kichwa cha habari cha mtaala yalimezwa na mazoea ya zamani.

ELIMU INAYOMBADILI MTU

Yafaa kwanza ifahamike ni elimu ya namna gani inayozungumzwa. Mwaka 1978 Jack Mezirow, mtaalamu wa elimu ya watu wazima nchini Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu wanawake waliorejea vyuoni baada ya kukatiza masomo kwa miaka mingi. Aliona kwamba wengi wao walipata zaidi ya maarifa mapya. Walikutana na jambo lililowatatiza, wakalazimika kuyapima upya mawazo waliyokuwa wakiyachukulia kuwa kweli bila kuyauliza, wakajadiliana na wenzao, kisha wakaanza kutenda kwa namna tofauti. Mafunzo ya aina hiyo ndiyo aliyoyaita mafunzo yenye kumbadili mtu.

Kabla yake, Paulo Freire wa Brazil alikwisha kuukosoa ufundishaji unaomfanya mwanafunzi kuwa kama sanduku la benki, mwalimu akiweka amana na kuja kuidai siku ya mtihani. Freire alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto, na fikra zake zilipata wasikilizaji wengi. Hazikuwa ngeni kabisa kwao. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameeleza kwamba mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa kwa saa zilizopangwa, wala haikupima uwezo wake wa kufikiri, tabia yake, au utayari wake wa kuwatumikia wenziwe.

Basi ugonjwa ulikwisha kutajwa kwa jina zaidi ya nusu karne iliyopita. Swali la kujiuliza ni kwa nini dawa haikufika mahali palipokuwa na maumivu.

MAJARIBIO YA MLIMANI

Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza Oktoba 1961, kwa kitivo kimoja cha sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kwa uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo hicho kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea. Pamoja na majengo na vitabu, kilirithi pia desturi: muhadhara, maandishi ya mwanafunzi, na karatasi ya saa tatu.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu mia nne miongoni mwao walirudishwa makwao. Tukio hilo liliwashtua wengi. Lilionyesha kwamba mtu anaweza kusomeshwa kwa kodi ya wakulima na bado asione kwamba anawiwa nao chochote. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, kulikuwa na mijadala mikali juu ya wajibu wa chuo katika nchi maskini. Miongoni mwa matunda yake ni somo la maendeleo ambalo kila mwanafunzi, awe wa fizikia au wa sheria, alitakiwa kulisoma. Lengo lilikuwa jema kabisa: daktari na mhandisi wajifunze kuitazama jamii yao, wahoji asili ya umaskini wake, na wajue nafasi yao katika kuuondoa.

Somo hilo lilifundishwa katika kumbi kubwa, kwa mihadhara, na likatahiniwa kwa karatasi kama masomo mengine. Hivyo likaingia katika mkondo ule ule. Mwanafunzi aliyetakiwa kuuhoji umaskini alijikuta akizikariri sababu za umaskini. Hapana shaka wapo waliofumbuliwa macho na somo hilo, hasa walipopata mwalimu mwenye kipaji na semina yenye watu wachache. Lakini hao waliokolewa na bahati, na taifa haliwezi kuitegemea bahati katika mipango yake.

Jaribio la pili lilikuwa Azimio la Musoma la Novemba 1974. Kwa mujibu wake, waliotaka kuingia Chuo Kikuu walitakiwa wawe wamefanya kazi kwanza, na mwenendo wao uthibitishwe na waajiri pamoja na Chama mahali pao pa kazi. Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki, kwani mtu aliyekwisha kusimamia ghala la ushirika au kufundisha darasa la watoto sitini huingia chuoni akiwa na maswali yake mwenyewe. Hata hivyo waombaji walipungua, hasa wanawake na wale wa masomo ya sayansi na uhandisi, ikawa lazima kuweka misamaha, na hatimaye masharti hayo yakaachwa katika miaka ya 1980.

Mafunzo mawili yanapatikana hapo. La kwanza ni kwamba barua ya kumsifu mtu haiwezi kuwa kipimo ikiwa haikuelezwa wazi ni nini kinachopimwa. Barua ya namna hiyo hutegemea zaidi tabia ya mwandishi wake kuliko tabia ya anayeandikiwa. La pili ni kwamba Azimio lilibadili mlango wa kuingilia, ilhali chumba cha ndani kilibaki kama kilivyokuwa. Mfanyakazi aliyeingia na uzoefu wake alikuta mtihani usiouliza lolote kuhusu uzoefu huo.

PALE MTIHANI ULIPOBADILIKA

Ipo mifano mingine yenye kutia moyo. Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Mlimani mwaka 1973, mafunzo ya viwandani yalifanywa kuwa sehemu ya masomo yenyewe. Wanafunzi walipelekwa karakana, viwandani na kwenye miradi ya ujenzi, wakaandika taarifa za kazi walizozifanya, na taarifa hizo zikasahihishwa. Mafunzo hayo yalihesabiwa katika kufaulu au kushindwa kwa mwanafunzi. Ndiyo sababu hakuna aliyeyachukulia kuwa matembezi.

Mfano wa pili unatoka katika utabibu. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Scotland, walitangaza aina mpya ya mtihani wa udaktari. Mwanafunzi hupita kituo kimoja baada ya kingine kwa muda uliopimwa. Katika kituo cha kwanza huenda akamkuta mgonjwa wa kumhoji, katika cha pili kifua cha kusikiliza, katika cha tatu picha ya eksirei ya kuieleza. Kila mtahini anayo karatasi yenye orodha ya mambo yanayotakiwa, na wanafunzi wote hupimwa kwa orodha ile ile. Upendeleo hupungua, na mtu aliyekariri kitabu bila kumgusa mgonjwa hujulikana mara moja. Mtihani huo umeenea duniani, na shule za udaktari za Afrika Mashariki zinautumia.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilikwenda mbele zaidi mwaka 2011, kilipoanza kutumia mitaala iliyojengwa juu ya umahiri. Swali la kwanza la mitaala ya namna hiyo ni nini ambacho mhitimu lazima aweze kukifanya mbele ya mgonjwa, mbele ya ndugu wa mgonjwa na miongoni mwa wafanyakazi wenzake. Baada ya hapo ndipo hupangwa afundishwe nini na apimweje. Mpangilio huo ni kinyume cha ule uliozoeleka, ambao huanza na mada za mhadhiri na kumalizia na maswali yaliyotungwa usiku wa mwisho kabla ya tarehe ya kuwasilisha.

Wapo watakaosema kwamba mhandisi na daktari wana mashine na wagonjwa wa kujipimia, lakini mwanafunzi wa historia, uchumi au utawala hana. Hoja hiyo haina nguvu. Mwanafunzi wa utawala anaweza kupewa jalada la mgogoro wa ardhi, majina yakiwa yamefichwa, akatakiwa aandike ushauri wa kurasa mbili kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na kuutetea mbele ya watahini. Mwanafunzi wa historia anaweza kupewa nyaraka tatu zinazopingana juu ya tukio moja, akaulizwa ipi iaminiwe na kwa nini. Mwanafunzi wa uchumi anaweza kupewa hesabu za chama cha msingi cha ushirika, akaeleza kwa lugha ambayo mwanachama wa kawaida ataielewa kwa nini malipo ya mazao yamechelewa. Hakuna desa linaloweza kumwokoa mtu katika maswali ya namna hiyo.

VIKWAZO VYA KWELI

Haitakuwa haki kuwatwika wahadhiri mzigo huu bila kuyataja mazingira yao. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia saba katika somo moja hawezi kumsikiliza kila mmoja kwa nusu saa. Zaidi ya hayo, kupandishwa cheo kwake kunategemea sana makala alizochapisha, na kazi ya kutunga maswali mapya au kusahihisha kwa makini haionekani popote katika hesabu hiyo. Chuo kikifanya hivyo kinampa mhadhiri mtihani wake mwenyewe, naye kwa busara ile ile ya mwanafunzi hujibu kile kinachotoa alama.

Kikwazo cha pili ni lugha. Ingia katika kikundi chochote cha wanafunzi wanaojadiliana chini ya mwembe: hoja zinajengwa kwa Kiswahili, mifano inatolewa kwa Kiswahili, na mabishano yanafikia ukali wake kwa Kiswahili. Ufikapo wakati wa kuandika, fikra hizo huachwa na sentensi za Kiingereza zilizokaririwa huchukua nafasi yake, kwa kuwa mwandishi anaogopa kukosea. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kiingie kwa utaratibu maalumu katika shule za sekondari na hatimaye Chuo Kikuu, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Ilhali Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imefundisha na kutahini shahada zake kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Hata bila kungoja mageuzi makubwa, inawezekana katika mtihani wa mdomo kumruhusu mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili kile alichokiandika kwa Kiingereza. Atakayeshindwa kukieleza kwa lugha anayoimudu atakuwa amejipima mwenyewe.

Kikwazo cha tatu ni kipya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili unde kama ChatGPT zimeweza kuandika insha ya kurasa tano kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Baadhi ya vyuo vimetaka kurudi kikamilifu kwenye karatasi ya saa tatu chini ya msimamizi, kwa kuwa humo mashine haiingii. Hilo ni suluhisho la woga. Swali ambalo mashine inalijibu vizuri kwa nusu dakika halistahili kuwa kipimo cha miaka mitatu ya maisha ya kijana. Tiba iliyo bora ni kumtaka mwanafunzi aisimamie kazi yake: aseme data aliipata wapi, alimhoji nani kwa ridhaa yake, aliacha nini na kwa sababu gani. Waswahili walikwisha kusema kwamba akili za kuambiwa, mtu achanganye na zake. Na kile anachokichanganya mwanafunzi ndicho kinachostahili alama.

WAJIBU NJE YA CHUO

Watumishi wa umma na walimu wasidhani kwamba jambo hili ni la maprofesa peke yao. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi hupelekwa katika ofisi za Serikali, mashirika, hospitali na shule kwa mafunzo ya vitendo. Katika ofisi nyingi kijana huyo hutumwa kununua vocha, kupeleka mafaili na kudurufu barua. Siku ya mwisho msimamizi hutia saini katika kitabu chake cha kumbukumbu na kuandika kwamba ni mwenye bidii na nidhamu. Msimamizi huyo ni mtahini, naye ametoa alama bila kusahihisha. Akija kulalamika baadaye kwamba maafisa wapya hawawezi kuandika muhtasari wa kikao, na akumbuke kwamba alipewa nafasi ya kuwafundisha wiki nane akaitumia kuwatuma.

Kwa walimu jambo hili ni zito zaidi. Mwalimu mkuu anayempokea mwanafunzi wa ualimu kwa mazoezi ya kufundisha, kisha akamwachia vipindi vyote ili wenyeji wapumzike, anaijaza nchi walimu wasiowahi kurekebishwa. Na mwalimu aliyesomeshwa kwa kuandikishwa, hata akiwa na shahada ya ualimu yenye masomo yote ya mbinu shirikishi, akisimama mbele ya kidato cha pili ataandikisha. Atafundisha kama alivyofundishwa, na zaidi ya hapo atatahini kama alivyotahiniwa. Watoto wake ndio watakaopanga foleni ya madesa miaka sita baadaye.

YANAYOWEZEKANA SASA

Mambo kadhaa yanaweza kuanza bila kungoja fedha za nje. Kila idara ya kila chuo inaweza kuziweka mezani karatasi zake za mitihani za miaka mitano iliyopita na kuhesabu: ni maswali mangapi yanayodai kukumbuka tu, na ni mangapi yanayodai uamuzi. Hesabu hiyo itachukua siku moja, na itasema ukweli mwingi kuliko dira yoyote iliyobandikwa ukutani. Katika masomo yenye wanafunzi wengi, sehemu ya alama inaweza kutolewa kwa kazi ya vikundi vidogo juu ya tatizo halisi la kata au shule, vigezo vikiwa vimeandikwa na kutolewa kwa wanafunzi mapema, na wanafunzi wachache wa kila kikundi wakichaguliwa kwa kura kuitetea kazi hiyo ana kwa ana. Pale penye hofu ya upendeleo, wasahihishaji wawe wawili. Nazo kamati za kupandisha vyeo zidai kuona mitihani aliyoitunga mhadhiri, kama zinavyodai kuona makala zake.

Waajiri nao, Serikali ikiwa ya kwanza, wanao uwezo mkubwa. Usaili wa kazi unaouliza mwaka ambao sheria fulani ilipitishwa huwaambia wanafunzi wote walioko vyuoni kwamba kukariri ndiyo njia. Usaili unaompa mwombaji malalamiko ya mwananchi na kumwambia ayashughulikie hupeleka habari nyingine vyuoni, na habari hiyo hufika upesi kuliko waraka.

Muhula ujao wahadhiri wataketi tena kutunga maswali, na watahini wa nje watayapitia kabla hayajachapwa. Huo ndio wakati ambapo mageuzi ya elimu ya juu yatafanywa au yataahirishwa. Anayeketi kutunga na ajiulize jambo moja kuhusu kila swali: je, mtu atakayelijibu hili vema atafaa nini kwa mwananchi atakayemkuta dirishani? Swali lisilo na jibu katika mizani hiyo lifutwe, na mahali pake litafutwe jingine.